Saa Nne na Dakika Kumi

Fungua tangazo lolote la saa za bei mbaya, liwe kwenye jarida la ndegeni au kwenye bango la uwanja wa ndege wa Dubai, utakuta zote zimesimamishwa mahali pamoja: akrabu fupi kwenye kumi, ndefu kwenye mbili. Wauzaji wanasema zikikaa hivyo saa inaonekana inatabasamu, na jina la kampuni lililoandikwa chini ya kumi na mbili halifunikwi. Sawa. Mimi kila nikiiona picha hiyo naona chai. Saa nne na dakika kumi, wakati ambao ofisi nzima imeshuka kutafuta chapati na maharage, na ukimpigia mtu simu hapokei.

Nina miaka 15 sasa ya kukusanya saa. Neno kukusanya lisikutishe. Sanduku langu lina nafasi sita na mojawapo bado tupu. Lakini nimenunua, nimeuza, nimejuta, nimenunua tena, na katika panda shuka hiyo nimegundua kwamba ninachokipenda na ninachokikataa kwenye saa sikukipata kwenye majarida wala kwa wale jamaa wa Ulaya wenye video zao. Nilikipata kwa bibi yangu, Unguja, kwa njiti ya chelewa.

Ukutani kwa bibi palikuwa na saa kubwa ya duara. Mimi nimetoka kufundishwa namba shuleni, najiona msomi. Asubuhi moja akaniuliza saa ngapi, nikatazama, nikasema saa saba. "Saa saba, na jua ndiyo kwanza linachomoza?" Akachomoa njiti kwenye ufagio, akapanda kigoda, akailaza juu ya kioo. Ncha moja ilikuwa kwenye saba, njiti ikapita katikati ya uso wa saa, ncha ya pili ikagusa moja. "Hiyo uliyosoma ni ya Mzungu. Ya kwako iko ng'ambo." Akashuka, akaendelea na mambo yake.

Kila Mswahili anayevaa saa ameilaza njiti hiyo kichwani, ila wengi wetu tumeshasahau. Tunaona saba, mdomo unasema moja. Tunaona tatu, mdomo unasema tisa. Na mfumo una akili yake. Huku karibu na ikweta jua halina makuu, linatoka na kuzama karibu wakati ule ule mwaka mzima, basi kuna ubaya gani kuanza kuhesabu pale linapotoka? Geneva, Uswisi, ambako jua la Juni na jua la Desemba hata salamu hawapeani, hesabu hii ingemtia mtu wazimu. Saa zote ninazozipenda zimetengenezwa na watu wa aina hiyo, wenye jua lisiloaminika.

Matokeo yake, namba kwenye uso wa saa zinanikera. Saa yenye namba kumi na mbili zote, kubwa, zimeandikwa kwa mbwembwe, naiona kama mtu anayeninong'oneza jibu lisilo sahihi wakati nafanya mtihani. Ninachotaka ni vijiti. Uso mtupu wenye vijiti kumi na viwili haunibishii. Akrabu ikikaa chini kushoto, mara tu baada ya kupita chini kabisa, hiyo ni saa moja, na hakuna namba ya kuniambia vinginevyo.

Ndiyo maana saa niliyokaa nayo muda mrefu kuliko zote ni Omega Speedmaster, ile nyeusi yenye vijiti vyeupe, ya kutia ufunguo kwa mkono. Niliinunua ikiwa imeshatumika, kwa bei ya pikipiki nne hivi za bodaboda, jambo ambalo sijawahi kumwambia dereva wangu wa bodaboda. Hadithi ya mwezini mnaijua: mwaka 1969 wanaanga walipotua huko, Aldrin alishuka na yake mkononi, Armstrong akaiacha ya kwake chomboni. Hadithi nzuri, lakini haikuninunulisha. Kilichoninunulisha ni kwamba kila baada ya swala ya alfajiri naishika, natia ufunguo, nasikia kamani ikijikaza kidole kwa kidole mpaka inagoma. Ikishiba inakwenda kama saa 48. Ukiisahau inasimama, haina kinyongo, inakusubiri. Kioo chake ni cha plastiki ngumu, kinachubuka hata kwa kukitazama, na kila mwezi nakisugua kwa dawa ya meno kikarudi kuwa kipya. Wenzangu wanataka kioo cha yakuti kisichochubuka. Mimi nataka kitu ninachoweza kukitengeneza mwenyewe barazani.

Tena ina mambo yake ya kuchekesha. Pete inayozunguka uso wake imechorwa vipimo vya kukokotoa mwendo wa gari: unaanza kupima kwenye jiwe la kilomita moja, unasimamisha kwenye la pili, akrabu inakuonyesha umekwenda kilomita ngapi kwa saa. Vipimo vinaanzia 500 na kuishia 60. Chini ya 60 hakuna kitu. Yaani Waswisi waliitengeneza bila kuiwazia foleni ya Tazara, ambapo ungeweza kuipima safari yangu ya jioni kwa kalenda. Na kile kisahani chake cha dakika kinaishia 30. Vita vya Unguja vya tarehe 27 Agosti 1896, vile Waingereza wanavyojisifia kuwa vya dakika 38, vingekizungusha mara moja na kuingia tena dakika 8. Nalifikiria hilo mara nyingi kuliko inavyompasa mtu mwenye kazi.

Kabla ya hapo nilikuwa na Rolex Submariner. Nitaipita haraka kwa sababu ni aibu. Niliinunua kwa ajili ya macho ya watu, na macho ya watu yaliiona. Kwenye harusi watu walinishika mkono kuliko bwana harusi. Wakati huo huo nilianza kuvaa mashati ya mikono mirefu kwenye joto la Februari ili vibaka wasiione. Saa ya kupigia mbizi, inayohimili maji mita 300, nayo inashinda imejificha ndani ya shati. Miaka miwili nikaiuza. Kijana aliyeinunua aliivaa pale pale, akakunja mkono wa shati. Nikamwombea kheri.

Watu wakisikia nakusanya saa swali lao la kwanza ni dhahabu. Sina hata moja na sitakuwa nayo. Dini yangu imewakataza wanaume dhahabu, na kusema kweli imenipunguzia hasara kubwa. Nusu ya kila orodha ya mnada naifunua bila kusoma. Kinachobaki ni chuma cha pua na titani, na humo ndimo ladha inapojengeka, kwa sababu chuma hakina cha kujivunia isipokuwa kazi ya mkono: pembe zimekatwaje, wapi pameng'arishwa, wapi pameachwa na mistari ya brashi. Saa ya dhahabu mbaya bado ni dhahabu. Saa ya chuma mbaya haina pa kujificha.

Dini imenichagulia na mkanda. Ngozi na pwani haviishi nyumba moja. Jasho la Dar es Salaam linaugeuza mkanda wa ngozi ya mamba kuwa tambara ndani ya msimu mmoja, na harufu yake hiyo unaijua wewe na mkeo tu. Ongeza kutawadha mara tano kwa siku. Wakati wa mikanda ya ngozi nilikuwa naivua saa, naiweka ukingoni mwa birika, natawadha, naingia kuswali. Siku moja nikaswali, nikatoka, nikapanda gari, nikafika Mwenge, ndipo nikauhisi mkono mwepesi. Nilivyorudi sitakuhadithia. Mwadhini alikuwa amekaa mlangoni, Speedmaster amemvalisha mjukuu wake mkono wote mpaka kwenye kiwiko ili isipotee. Akaniuliza kitu kimoja tu, ina betri ya aina gani mbona inapiga kelele. Tangu siku hiyo ni mnyororo wa chuma, unaolegea kidogo, nausukuma juu maji yapite chini yake.

Kwa upande wa ukubwa nina mkono mwembamba na msimamo mnene. Milimita 36 ndiyo saa. 38 naweza kujadiliana. Ile miaka ambayo kila mtu alivaa sahani ya chai mkononi niliivumilia kimya, na sasa naona wakubwa wa mitindo wamerudi kule tulikokuwa. Saa ya wanaume miaka ya 1950 ilikuwa na ukubwa ambao leo dukani watakwambia ni ya kike.

Hapo ndipo nilipoivunja sheria yangu ya namba. Rolex Explorer ya milimita 36 ina namba tatu tu usoni: 3, 6 na 9, na juu pembetatu mahali pa kumi na mbili. Nilipoishika Deira, Dubai, kwa muuzaji wa saa zilizotumika, nilijiandaa kuikataa. Kisha nikamkumbuka bibi na njiti yake. Tatu ni saa tisa. Tisa ni saa tatu. Hizo mbili zinabadilishana nyumba tu, hakuna mgeni anayeingia. Sita ni kumi na mbili, na kumi na mbili ni sita. Ukiugeuza uso huo juu chini unapata ule ule, kwa Kiswahili. Nilisimama pale nikiigeuzageuza saa mpaka muuzaji akadhani natafuta kasoro, akapunguza bei.

Najua unachowaza: si uivae juu chini basi. Nilijaribu. Akrabu ya saa inakutii, saba inakaa mahali pa moja. Lakini akrabu ya dakika nayo imegeuka, na kila saa kamili inakuwa na nusu. Nilichelewa kikao kwa ajili ya utafiti huo.

Nikafikiria vilevile GMT-Master, ile ambayo Rolex waliwatengenezea marubani wa shirika la ndege la Pan Am miaka ya 1950, yenye akrabu ya ziada ya saa za nchi nyingine. Nikajiuliza: saa ya Kiswahili ni saa ya nchi gani? Sisi tuko saa tatu mbele ya Greenwich. Rudi nyuma sita, unafika saa tatu nyuma ya Greenwich. Nani yuko huko? Buenos Aires. Kwa hiyo tukisema hapa ni saa moja asubuhi, Mwargentina aliye macho akitazama saa yake inamwambia moja kweli, ila kwake ni usiku wa manane. Sikuinunua GMT. Akrabu ile inazunguka mara moja kwa saa 24, na ikifika jioni ingeniambia ni saa kumi na tatu, ambayo bibi yangu hakuwahi kunionyesha kwa njiti yoyote.

Ami yangu aliye Maskati ana mtazamo mwingine kabisa. Kwake saa ni ya nani kabla ya kuwa ya saa ngapi. Ndiye aliyenieleza habari za zile Rolex zenye jambia usoni, nembo ya Oman, ambazo Sultani Qaboos aliziagiza kupitia duka la Asprey la London na kuwatunuku watu miaka ya 1970. Nyingine zina jambia jekundu, nyingine la dhahabu, na siku hizi jambia hilo dogo, lisilozidi punje ya mchele, linaizidisha bei ya saa mara kadhaa. Nimewahi kuishika moja. Nzuri, siwezi kukataa. Ami akaniambia, "Mwanangu, hiyo ni historia." Nikamwambia, "Ami, ni historia ya aliyepewa." Akanyamaza, akaniagizia kahawa, nikajua nimemkwaza. Lakini ndivyo nilivyo. Siwezi kuvaa tunu ya mtu mwingine nikajisikia nimetunukiwa.

Kuna jambo moja ambalo mimi na wakusanyaji wenzangu wa mbali hatutaelewana mpaka kiama, nalo ni jua. Saa kuukuu nyeusi ikikaa miaka mingi kwenye jua na unyevu, rangi ya uso wakati mwingine inageuka kahawia, kama chai iliyokolea. Wao wanauita uso wa kitropiki na wanalipia zaidi. Yaani jua letu, hili hili linalotupasua vichwa bure, likimchoma Omega linakuwa pambo.

Mwaka wa tatu wa wazimu huu nilipata Omega ya miaka ya 1960 kwa mzee mmoja wa Tanga aliyefanya kazi bandarini maisha yake yote. Uso wake ulikuwa umeiva vizuri sana, kahawia pembeni, nyeusi kidogo katikati. Mashine ilikuwa imechafuka, ikichelewa dakika tano kwa siku. Nikampelekea fundi Kariakoo aisafishe. Nikasema "isafishe." Hilo ndilo neno nililotumia, na ni langu.

Baada ya wiki akanikabidhi saa nyeusi tititi, uso umepakwa rangi upya, mistari imechorwa upya kwa mkono usiotetemeka, na mwili wote umeng'arishwa mpaka zile pembe kali zimekuwa mviringo kama sabuni iliyotumika. Akanitazama usoni akisubiri. "Imekuwa mpya, bosi. Rangi sikutozi." Nilimlipa, nikamshukuru, nikaenda kukaa ndani ya gari.

Kwa hesabu za mnada aliiua. Lakini nimeshawaza mara nyingi na sipati kosa lake. Kwake saa iliyobadilika rangi ni saa iliyoonewa, na kazi yake ni kuiondolea uonevu. Ile bei inayopanda kwa sababu kitu kimechakaa ni mchezo wa watu ambao vitu vyao vingine vyote ni vipya. Bado nampelekea saa zangu kubadilisha raba za kuzuia maji, maana hapa pwani raba hazidumu, na mikono yake ni mizuri. Ila sasa naandika kwenye karatasi cha kufanya, na chini napiga mstari: USING'ARISHE.

Saa ninayoitamani na bado sijaifikia ni Grand Seiko ile waliyoipa jina la chembe ya theluji. Uso wake mweupe una mikunjo midogo kama theluji iliyopigwa na upepo, maana inaundwa Shiojiri, katika milima ya Nagano, Japani. Mwili ni titani, mwepesi, hausikii jasho. Akrabu ya sekunde haidundi. Inateleza tu, kama dau lenye upepo wa nyuma, kwa sababu ndani yake kamani ndiyo inayosukuma na kipande cha kwazi, lile jiwe la kwenye saa za betri, kinashika breki. Wajapani hao hao ndio walioitoa saa ya kwanza ya kwazi ya mkononi, Astron, tarehe 25 Desemba 1969, wakaitikisa Uswisi miaka mingi. Na vijiti vyake vimekatwa kwa ukali ambao nikivitazama nasahau kuna namba duniani. Ile nafasi tupu sandukuni ni yake. Mke wangu anaiita nafasi ya ada ya shule.

Yeye mwenyewe ana saa moja, Cartier Tank ndogo ya betri, na namba za Kirumi tele. Nilipomnunulia nilimwonyesha kwamba jina la Cartier limefichwa ndani ya mguu mmoja wa ile VII, maandishi madogo mno, yaani sahihi yao iko kwenye saa moja. Akaniambia vizuri, akaivaa, hakuitazama tena VII. Hana njiti wala bibi kichwani. Anatazama, anajua kama amechelewa, basi. Nikijisifu kuhusu ladha yangu huwa namkumbuka.

Ya mwisho sandukuni ndiyo ya bei ya chini kuliko zote, Seiko 5 ya otomatiki ambayo Ami aliniletea kutoka Maskati baada ya ile kahawa, nadhani kwa kunipatanisha. Uso una namba za Kiarabu cha kweli, ١ ٢ ٣, na kidirisha cha siku kinaandika ama kwa Kiingereza ama kwa Kiarabu. Nilikaa nayo wiki nzima bila kujua niifanye nini. Kisha usiku mmoja nikavuta kichwa chake na kuirudisha saa sita nyuma.

Tangu hapo inasema kweli. Asubuhi saa moja inasema moja. Na nimeipangia siku iwe inageuka saa kumi na mbili jioni, magharibi, kama siku inavyotakiwa kugeuka kwetu: Alhamisi jua likizama, usiku wa Ijumaa umeshaingia. Mashine yenyewe haina haraka. Inaanza na tarehe, kisha siku inapanda taratibu, inapitia kwanza kwenye FRI ya Kiingereza, inakaa hapo kidogo kama abiria anayebadilisha basi, na baada ya isha ndipo inatulia kwenye الجمعة. Naivaa nyumbani tu. Kazini ningewachanganya watu.

Ramadhani iliyopita mpwa wangu wa miaka tisa alikuja kwetu kufuturu. Ni mtoto mwenye akili, mamake amemfundisha saa mapema na anajua kugeuza, hata namba za Kiarabu anazisoma kwa sababu ya madrasa. Tumekaa ukumbini, sahani zimeshaondolewa, nikamnyooshea mkono. Nilitaka aone. Nikamwambia nisomee saa.

Akainama, akasogeza kidole kwenye kioo. Akrabu fupi ilikuwa imeipita kidogo ١, ndefu iko kwenye ٣. Nikaona midomo yake ikifanya hesabu, njiti ikilazwa.

"Saa saba na robo, Mjomba," akasema.

Nje mwadhini akaanza kuadhini isha. Mke wangu akaitazama Tank yake, akanitazama mimi, akaenda jikoni akicheka.